Uzito wa Chombo cha Msafiri

Mtu anunuapo pikipiki ya kwendea safari ndefu, aghalabu huuliza maswali matatu: itakwenda mbio kiasi gani, itachukua mizigo mingapi, na watu wataionaje ipitapo. Swali la nne, ambalo njia yenyewe itamwuliza mapema au baadaye, hulisahau: ikianguka, nani ataiinua? Yale matatu hujibiwa na muuzaji, naye huyajibu kwa furaha. La nne halina jibu dukani, kwa kuwa dukani pikipiki husimama juu ya sakafu kavu, haina petroli tangini wala masanduku ubavuni, na mnunuzi amekula, amelala, wala hana haraka. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa chombo kizito au chepesi, ambao kwa mtazamo wa kwanza ni shauri la mafundi na wafanya biashara, unaingia katika fungu la mambo ya mwenendo. Ndani yake mna suala la kadiri: mtu ahitaji nguvu kiasi gani, na ile inayozidi haja yake hulipwa na nani.

Yafaa kukumbuka jinsi safari za namna hii zilivyoanza. Tarehe 16 Mei, 1903, kijana mmoja wa Marekani, George Wyman, aliondoka San Francisco akielekea New York. Chombo chake kilikuwa baiskeli iliyofungwa injini ndogo ya nguvu ya farasi mmoja na robo, na pedali zake zilikuwa bado mahali pake. Barabara za magharibi ya nchi ile zilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope baada ya mvua, hata ikamlazimu kwenda masafa mengi juu ya njia ya garimoshi, akirushwarushwa na mataruma ya reli. Chombo kilivunjika mara nyingi, naye akakitengeneza kwa alichokipata njiani. Karibu na Albany injini iliishiwa nguvu kabisa. Wyman akakanyaga pedali maili 150 zilizosalia, akaingia New York tarehe 6 Julai. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeivuka nchi ile toka pwani hata pwani kwa chombo cha injini cha aina yoyote.

Hapana haja ya kumfanya Wyman kuwa walii wa wepesi. Alichukua injini ndogo kwa kuwa injini kubwa ya kutegemewa haikuwako, na yamkini angalipewa kubwa angaliipokea kwa mikono miwili. Lakini tukio la Albany lina maana ambayo haikutegemea nia yake. Injini ilipokufa, safari haikufa, kwa sababu chombo chote kilikuwa bado ndani ya uwezo wa miguu ya mwenyewe. Msafiri wa leo ambaye injini yake inazimika maili 150 kutoka mwisho wa safari hana pedali. Ana simu, akibahatika kupata mawasiliano, na ana chuma ambacho hawezi kukisukuma mlima mmoja.

Miaka ilivyopita injini zilikua, na vyombo vikakua pamoja nazo. Pikipiki ya safari iitwayo BMW R 1250 GS Adventure ilikuwa na uzito wa kilo 268, tangi likiwa limejaa. Mtu akitia masanduku, hema, nguo, vyombo vya kupikia na mwili wake mwenyewe, jumla hukaribia kilo 400. Honda CRF300L, ambayo nayo huweza kwenda masafa marefu ikiwa mwenyewe ni mvumilivu, ina kilo 142. Tofauti ya vyombo hivi viwili ni kilo 126, yaani mtu mzima mnene pamoja na mkoba wake, ameketi juu ya pikipiki asubuhi hata jioni wala hashuki kusaidia kusukuma.

Mtu huyu asiyeonekana aliingiaje safarini? Sababu nyingine ni za haki, nazo zitatajwa mahali pake. Nyingine ni hofu. Mnunuzi huwaza siku mbaya, mto uliofurika, mchanga wa jangwa, usiku usio na kijiji, akanunua chombo kikubwa kimlinde na siku hiyo. Siku hiyo ijapo kweli, kitu cha kwanza anachopaswa kushindana nacho ni chombo kile kile. Katika mchanga gurudumu la mbele huzama na kutaka kwenda upande. Pikipiki nzito hutaka mwendo ili ielee, na mwendo ndio hasa mtu aliyeogopa asioutaka. Penye mto usio na daraja, watu wawili wasio na mazoea ya kazi ya bandari huweza kuipandisha pikipiki ya kilo 130 mtumbwini kwa kusaidiana. Ya kilo 300 hutaka watu watano na mtumbwi mwingine. Nguvu iliyonunuliwa kwa ajili ya siku mbaya imekuwa sehemu ya ubaya wa siku.

Mwaka 2004 waigizaji wawili, Ewan McGregor na Charley Boorman, walisafiri kutoka London hadi New York kwa kuelekea mashariki, wakiwa na mpiga picha wao, Claudio von Planta. Wote watatu walipanda BMW R 1150 GS Adventure, chombo cha kilo kama 250 kabla ya mizigo. Wakiwa katika sehemu ya safari iliyo ngumu kupita zote, pikipiki ya mpiga picha ilivunjika fremu. Fremu ikachomelewa, walakini mambo mengine yakaharibika, ikawa haifai tena kwa njia ile. Akanunuliwa huko Mongolia pikipiki ndogo nyekundu ya Kirusi, aina ya IZH, yenye injini ya silinda moja, akaendelea nayo. Kwa kipimo chochote cha duka IZH haikuwa sawa na BMW. Lakini ilikuwa ya nchi ile, kwa maana watu wa pale waliijua na huweza kuitengeneza. Picha za safari ile ziliwavutia maelfu ya watu kununua BMW kubwa, na ni wachache walioona kwamba picha zile zile zilikuwa na ushahidi wa upande wa pili.

Uzito una tabia moja ya kudanganya. Pikipiki ikiwa katika mwendo, uzito haupo. Gurudumu likizunguka chombo hujisimamisha chenyewe, na mpandaji wa kilo 60 huongoza kilo 300 kwa vidole. Tabia hii ndiyo inayomfanya mtu aamini kwamba nguvu ile ni yake. Uzito huonekana kwa ghafula, aghalabu mahali pa aibu badala ya mahali pa hatari: kwenye mteremko wa changarawe mbele ya nyumba ya wageni, au mtu anapogeuza njia akakanyaga shimo asilolitazamia. Pikipiki hulala. Mguu ukikutwa chini yake, jambo limebadilika kuwa la tabibu. Mguu ukinusurika, mwenyewe husimama akaitazama petroli ikidondoka, naye ajua kwamba lazima afanye haraka.

Wanaojua kuinua hawaikabili kwa mikono. Huigeuzia mgongo, wakaegemeza makalio kwenye kiti, mkono mmoja ukishika usukani na wa pili ukishika chuma cha nyuma, kisha hurudi kinyumenyume kwa hatua fupi, kazi ikifanywa na miguu na kiuno kikipumzika. Kwa njia hii hata mwanamke mwembamba huweza kuinua pikipiki kubwa, na maonyesho ya namna hiyo hufanywa mara kwa mara ili kuwatia watu moyo. Maonyesho hayo ni ya kweli, lakini hufanywa mara moja, juu ya lami. Mchangani miguu huteleza. Juani, mara ya nne katika siku moja, mtu huona mapaja yakitetemeka, na mara ya tano hajaribu. Huketi kando ya chombo chake akangoja watu.

Watu huja, na hapo ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Mkulima huacha jembe, mchungaji huacha mbuzi, vijana watatu hushuka baiskeli zao. Hakuna anayeuliza kwa nini mgeni alichukua chombo kipitacho nguvu zake. Desturi ya njia haimruhusu mtu kuuliza hivyo, kama isivyomruhusu kupita asisaidie. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao walikusudia kumsuta yule auonaye mzigo wa mwingine kuwa mwepesi. Msafiri wa pikipiki nzito ni mtu wa namna hiyo kwa kinyume: ameuona mzigo wake mwenyewe kuwa kanda la usufi, kwa kuwa katika hesabu yake, bila ya kujua, alikwisha kuwatia ndani watu asiowafahamu.

Yaweza kujibiwa kwamba kusaidiwa si aibu, na kwamba binadamu hujuana kwa kusaidiana. Jibu hili lina haki yake. Wako wasafiri ambao kumbukumbu yao bora ya safari nzima ni mikono ya watu wasiojua lugha yao, ikiinua chombo kwa pamoja. Lakini iko tofauti kati ya haja iliyoletwa na bahati mbaya na haja iliyonunuliwa dukani. Mwenye kuvunjika mnyororo hakuchagua. Mwenye kuchukua kilo 126 zisizo na kazi alichagua, kisha akawaachia wengine sehemu ya kuinua.

Historia ya Afrika ya Mashariki ina mfano ulio wazi kuliko huu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Bwana wa safari alipoamua kuchukua meza ya kulia na birika la kuogea, hakuinama yeye kuvitwika. Uamuzi ulifanyika mahali pamoja na uzito ukaonekana mahali pengine. Injini ilipokuja ilidhaniwa kwamba imemwondoa mpagazi, kwani sasa chuma chabebwa na chuma. Kwa kweli imemficha tu. Hutokea tena kila chombo kinapolala matopeni, na mara hii halipwi ujira.

Hata hivyo uzito wote haupaswi kuhukumiwa kwa hukumu moja. Tarehe 11 Desemba, 1934, wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwenda Cape Town kwa pikipiki ya Panther yenye injini ya sentimita za ujazo 600, ikiwa na gari la pembeni, na nyuma yake tela. Waliivuka Sahara. Injini iliharibika jangwani, chombo kikavutwa hadi Agadez, nao wakakaa pale mpaka wakaiunda upya. Mwezi wa Julai, 1935, walifika Cape Town. Mtu atazamaye tela lile kwa macho ya leo aweza kucheka, lakini atakuwa amecheka bila ya kufikiri. Katika Sahara ya mwaka 1934 maji, petroli na vipuri vilikuwa vichukuliwe au vikosekane, na kukosekana kwake kulikuwa mauti. Uzito wao ulikuwa na jina kwa kila ratili. Msafiri wa siku hizi, apitaye mji wenye kituo cha petroli kila kilomita mia na awezaye kuletewa kipuri kwa ndege, hawezi kuwafanya wanawake wale kuwa udhuru wake.

Pwani hujulikana pia kwamba wepesi una hatari zake. Jahazi tupu halitwekwi tanga hivi hivi. Nahodha hulitia farumi ya mawe au mchanga, ili upepo usilipindue. Pikipiki nayo ina haja ya farumi katika njia fulani. Katika barabara kuu za Marekani, ambako toka New York hata California ni takriban kilomita 4,500 na mwendo wa kawaida ni kilomita 110 kwa saa, injini ndogo hulia kutwa nzima, viganja hufa ganzi, na kila lori kubwa lipitapo hukisukuma chombo chepesi kando kisha hukivuta ndani. Mwenye safari ya namna hiyo, tena na mkewe nyuma, ana sababu njema ya kuchagua chombo kizito. Anayekichukia kwa kuwa ni kizito tu, na ajionaye bora kwa kuwa na kidogo, amerudi katika majivuno yale yale kwa mlango wa uani.

Tena uko wepesi ulio wa ombaomba. Msafiri mmoja hukata hata mpini wa mswaki wake ili apunguze uzito, akaacha pampu, mpira wa ndani wa akiba na chupa ya pili ya maji, kisha husifiwa kwa kusafiri na vitu vichache. Tairi lipasukapo humsimamisha mwenzake aliyechukua pampu. Usiku uingiapo hubisha hodi penye nyumba ya watu wanaolala sita chumba kimoja. Uzito alioukataa haukupotea duniani; umehamia kwa mwingine. Kwa kipimo hiki mwenye pikipiki kubwa aliyelala matopeni na mwenye pikipiki ndogo asiye na pampu ni ndugu, ijapokuwa kila mmoja humdharau mwenzake.

Basi wepesi wa haki hutafutwa katika chombo kwanza, ili pabaki nafasi ya kuchukua vitu vya wajibu. Mambo haya hufuatana. Injini ndogo huweza kwenda kilomita 30 au zaidi kwa lita moja, ambapo kubwa huenda kama 20; lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo, hata tangi la lita 30 huwa na kilo zipatazo 22, tena zimekaa juu. Chombo chepesi kwa hiyo hutaka petroli kidogo, na petroli kidogo hukifanya kiwe chepesi zaidi. Mwaka 1995 kikundi cha Waingereza kiliondoka London na pikipiki za Suzuki DR350, zenye kilo kama 130, kikaizunguka dunia. Mwaka 2003 Lois Pryce alitoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Argentina kwa Yamaha ya sentimita za ujazo 225, na mwaka 2006 akatoka London hadi Cape Town kwa Yamaha nyingine ya 250. Safari hizi hazithibitishi kwamba injini ndogo ni bora. Zinathibitisha kwamba yule asemaye haiwezekani bila ya chombo kikubwa anaeleza matakwa yake.

Matakwa hayo huwa na nguvu zaidi umri unapopita. Mtu aliyepanda pikipiki kubwa miaka 20 huona kushuka kwenye ndogo kama kuandikiwa cheti cha uzee. Wenzake humtania. Yeye mwenyewe ajua kwamba mwaka jana alipangusha vumbi kuliko alivyopanda, kwa kuwa aliogopa kuitoa chini ya kivuli na kuigeuza uani. Ted Simon, Mwingereza aliyezunguka dunia kati ya mwaka 1973 na 1977 kwa Triumph ya sentimita za ujazo 500, alirudia safari ile mwaka 2001, umri wake ukikaribia miaka 70, juu ya BMW R80GS, iliyokuwa nzito kuliko ile ya ujana wake. Nchini Kenya alivunjika mguu. Akapona, akaendelea mpaka mwisho. Hapana awezaye kusema kwamba pikipiki nyepesi ingaliuokoa mguu ule, na si uungwana kuifanya ajali ya mtu kuwa hoja. Kinachofaa kutazamwa ni kwamba mzee aweza kwenda. Ikiwa aweza kwenda, basi kubadili chombo si kujiuzulu. Anayekiacha kizito ili aendelee kusafiri ametunza safari, na anayekishikilia mpaka asitoke tena ametunza chuma.

Lakini ni nani asemaye kwamba chombo fulani ni kidogo? Njia ya Moyale, Marsabit na Isiolo, kabla haijakamilika kutiwa lami katika miaka ya 2010, iliogopwa na wote walioivuka Afrika kwa pikipiki, kwa mawe yake na matuta yake madogo yaliyovunja vyuma. Katika nchi hizi hizi vijana wa bodaboda, ambao jina la kazi yao lilitoka mpakani Busia wakati wa baiskeli, hupita njia mbaya kila siku kwa vyombo vya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Kwao pikipiki ya 300 ni kubwa, na ya 1,250 ni kama gari. Tena chombo chao kina wepesi usiopimwa kwa mizani: hakuna kijiji kisicho na fundi anayekijua, na kipuri chake huuzwa dukani kando ya sabuni na chumvi. Mgeni aitwaye jasiri kwa kuvuka nchi na pikipiki ndogo hupitwa njiani na mtu aliyepakia mikungu minne ya ndizi juu ya ndogo zaidi.

Haimpasi mgeni kumwiga katika yote. Bodaboda iliyopakiwa abiria watatu na gunia la mkaa si chombo chepesi tena, breki zake hazikufanywa kwa mzigo ule, na umaskini uliompakiza dereva hivyo si falsafa ya kusifiwa na mtu aliyeshiba. Msafiri ana hiari ambayo dereva yule hana. Kwa kuwa ana hiari, anaulizwa.

Naye aweza kujiuliza mwenyewe kabla ya kulipa, kama muuzaji atakubali. Atie petroli mpaka juu. Afunge kila mzigo anaokusudia kuuchukua, na maji ya siku mbili. Aitoe pikipiki sakafuni hadi penye mchanga, ailaze taratibu upande wa kushoto, awaombe watu wote wakae mbali wasimguse, kisha aiinue. Akiisha kuiinua ailaze upande wa kulia. Afanye hivyo mara tatu, wakati wa adhuhuri, akiwa hajala tangu alfajiri, kwa sababu siku ya kumi ya safari hatakuwa na nguvu za siku ya ununuzi.